Mwadhini Zekeriya na Nguzo Iliyogoma Kuzunguka

Salawati za msiba zilianza kusomwa mnarani wakati Nebahat yuko uani kwa jirani yake, bibi Hafize, anakata tambi pamoja na wanawake wenzake. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, kila nyumba ya Kirazli inaweka akiba ya majira ya baridi. Chapati pana za unga na mayai zilikuwa zimetandazwa juu ya mashuka, na wanawake walikuwa wameketi chini, visu mkononi, midomo haitulii.

Sauti ilipoanza, visu vilisimama. Salawati zikisikika nje ya wakati wa swala, watu wa mji ule huacha wanachofanya na kungoja jina.

"Nani tena jamani?" aliuliza mmoja. "Atakuwa yule bibi wa kinuni. Tangu juzi hali chakula."

"Nyamaza wewe," alisema bibi Hafize. "Usimzike mtu kabla Mungu hajamwita."

Nebahat alikuwa amekwisha kuweka kisu chini na anafuta unga mikononi kwa upindo wa aproni yake. Tangu azaliwe, salawati hizo zilisomwa na mtu mmoja tu mtaani kwao, naye ni baba yake, mwadhini Zekeriya. Kila aliyekufa mtaa ule, tajiri na fukara, alitangazwa kwa koo la Zekeriya. Mwaka aliokuwa na homa ya mapafu alipanda mnarani amejifunga blanketi, akasoma, akashuka, akarudi kitandani. Sauti iliyokuwa ikisikika sasa ilikuwa ya imamu kijana, Bekir, ambaye hajui pa kuvuta wala pa kukata. Zekeriya asingemwachia Bekir kazi ile akiwa na pumzi.

Kwa hiyo Nebahat alijua kabla jina halijatajwa. Lilipotajwa, wenzake ndio waliopiga ukelele.

"Zekeriya mwana wa Osman, mwadhini na mtunzaji wa msikiti wetu, amerejea kwa Mola wake. Ataswaliwa kesho baada ya adhuhuri."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema Nebahat, akasimama, akatafuta viatu vyake. Alivaa kimoja chake na kimoja cha bibi Hafize, na hivyo hivyo akateremka hadi msikitini.

Imamu Bekir alimkuta langoni, uso umemwiva kwa aibu. "Dada Nebahat, nisamehe. Nilimtuma mtu kwako akuambie kwanza. Alikuta mlango umefungwa, akarudi, hakuniambia. Nikadhani umeshajua."

"Si kitu," alisema Nebahat. "Kaniambia mnara. Baba angependa hivyo. Yuko wapi?"

Zekeriya alikuwa ukumbini mbele ya mlango wa msikiti, ameegemea nguzo ya mti ya katikati, mahali anapokaa kila siku baada ya swala ya dhuha. Viatu vyake vilikuwa pembeni vimepangwa, ncha zikielekea nje, kama alivyozoea kuwapangia waumini viatu vyao ili mtu akitoka avivae bila kugeuka. Mwenyezi Mungu alimchukua amekaa, hakumhangaisha.

*

Asiyeujua Msikiti wa Mshona Matandiko huupita akidhani ni ghala. Ni mdogo. Safu nne zikijaa, ya tano inaswali ukumbini. Ulijengwa na mtu mmoja aliyewashonea matandiko farasi wa jeshi la sultani, akazeeka, akarudi kwao na mkono mmoja uliopooza, akasema anataka Mungu amkute amejenga kitu kisichopandwa na mtu. Kuta ni za mawe na matofali kwa zamu, kuba moja limevikwa mabati ya risasi, na mnara ni mfupi, umekaa upande wa kulia kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake. Juu ya dirisha la kusini, mafundi walichonga ukutani nyumba ya ndege, ina vyumba viwili, vibaraza, na hata kijimnara chake. Shomoro wanaishi humo mpaka leo. Ndani, kwenye duara la taa, linaning'inia yai la mbuni lililoletwa zamani kutoka nchi za mbali za kusini, maana wazee wanasema buibui hatandi penye yai la mbuni. Zekeriya aliliamini yai hilo, ila ufagio wa kufagilia utando hakuuweka mbali.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni nguzo mbili nyembamba za marumaru ya kijani, moja kila upande wa mihrabu. Hazibebi kitu. Zimesimamishwa katika matundu yao, juu na chini, ili ukizishika kwa kiganja zizunguke. Mafundi wa zamani waliziweka ziwe mashahidi: siku zikikataa kuzunguka, jueni ukuta umesogea, tokeni. Kila Ijumaa, kabla hajafungua lango, Zekeriya alikwenda mihrabuni peke yake, akaizungusha ya kulia, akaizungusha ya kushoto, akasema alhamdulillahi, ndipo akapanda kuadhini. Nebahat alipokuwa mdogo alibebwa begani azishike. Zilikuwa za baridi hata katikati ya Julai.

Zekeriya alikuwa na sauti, basi. Hakuwa na elimu kubwa wala shamba. Alichunga kondoo wa watu mpaka siku mwadhini wa zamani alipomsikia akiwaita kondoo ng'ambo ya bonde, akasema sauti hii inapotea kwa wanyama. Akamfundisha. Zekeriya akaoa, akapata watoto wawili, Nebahat na Sabri, akamzika mkewe mapema, hakuoa tena. Watu walimtania, "Zekeriya, mke wako ni ule msikiti." Naye hujibu, "Angalau huyu hanitumi sokoni."

Ila alikuwa na deni la mja, haki ya binadamu mwenzake, na mtaa mzima unalijua.

Mwaka wa tetemeko kubwa, milima yote ya Bolu ilipotikisika na theluji ikafuata nyuma yake, Zekeriya alikwenda mihrabuni akaishika nguzo ya kulia. Ikagoma. Akaishika kwa mikono miwili, ikagoma. Akafunga msikiti. Na kwa kuwa mnara umeegemea uani, akafunga lango la ua pia, akaweka kufuli, akasema hapiti mtu mpaka mafundi wa wakfu waje kuangalia. Mafundi walikuwa na misikiti mia ya kuangalia, hawakuja.

Katikati ya baridi hiyo akafa mzee Lutfi, fundi mabati, aliyepanda kuba lile mara ngapi sijui, kuziba risasi kila ilipopasuka, wala hakutaka malipo. Alichotaka ni kimoja, nacho alikuwa akikisema kila mahali: siku yangu nilazeni kwenye jiwe la uani pale, mniswalie chini ya kuba langu. Mwanawe Hamdi alikwenda kumwomba Zekeriya afungue lango kwa muda wa swala moja tu. Zekeriya akakataa. Hamdi akamwomba mbele za watu. Zekeriya akasema, "Siwezi kuua walio hai kwa ajili ya maiti." Jeneza likapelekwa Msikiti wa Juu, mpya, wa zege, karibu na soko. Njia ya kwenda huko ni mwinuko wa mawe, na siku ile ilikuwa barafu tupu. Wabebaji waliteleza. Jeneza la mzee Lutfi lilianguka ubavu mbele ya duka la nyama, na mwanawe akalishika lisifunguke.

Majira ya kuchipua mafundi wakaja. Waliing'oa nguzo, wakakuta ukuta haujasogea hata unywele. Katika tundu la chini palikuwa na bonge la plasta iliyoganda. Kiangazi kilichopita fundi alikuwa ameziba nyufa ukutani, na Zekeriya alifagia sakafu kwa maji nyuma yake. Plasta mbichi ilisukumwa na ufagio wake mwenyewe hadi tunduni. Nebahat anakumbuka baba yake alivyorudi nyumbani siku hiyo. Alikaa bila kuvua koti, akatoa lile bonge mfukoni, akaliweka juu ya rafu ya dirisha, akalitazama. Halafu akaenda kuadhini alasiri.

Hamdi naye alisema neno moja, akalisema sokoni, watu wakalisikia: "Zekeriya simhalalishii haki yangu, simsamehi duniani wala akhera."

*

Siku ile ya msiba mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Maiti ilioshwa na wazee wawili wa mtaa, nyumba ilijaa, sufuria za majirani zikaingia moja baada ya nyingine kwa kuwa nyumba ya msiba haiwashi moto wa chakula. Kitu pekee kilichopikwa pale ni halua ya marehemu. Wanawake waliikaanga semolina kwa siagi, wakipokezana mwiko, kila mmoja akisoma sura anayoijua, mpaka harufu ikafika barabarani.

Bibi Hafize alipofikiwa na zamu ya mwiko, alisema bila kuinua macho, "Kesho imamu atauliza."

"Najua," alisema Nebahat.

"Atauliza mara tatu, mnamhalalishia haki zenu? Watu wote watasema ndiyo. Hamdi je?"

"Huenda asije."

"Asipokuja ni hapana ile ile, mwanangu. Bora ungekuwa mkopo, tungechanga."

Nebahat alijifunga kitambaa vizuri, akatoka.

Duka la Hamdi liko nyuma ya soko. Anatengeneza majiko ya kuni na mabomba ya moshi, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akigonga bati, mzee mwenye masharubu meupe na mikono iliyochanika. Alimwona Nebahat, akagonga mara mbili zaidi, kisha akaacha.

"Mungu ampe baba yako rehema," alisema. "Kaa."

"Sikai, ami Hamdi. Nyumba imejaa watu."

"Basi sema ukiwa umesimama. Nakijua ulichokuja nacho."

"Nimekuja kukuomba halali yake."

Hamdi alicheka, cheko la pua. "Amekutuma?"

"Amekufa, ami."

"Alipokuwa hai hakujua njia ya kuja hapa?"

"Aliijua," alisema Nebahat.

Hamdi akaweka nyundo chini. "Ni kweli, aliijua," akasema. "Kila mwaka, kabla ya baridi, alikuja. Anasimama hapo hapo ulipo. Nasema ndiyo, mwadhini, unataka nini? Anakohoa. Anatazama juu. Anasema, nipe kiwiko kimoja cha bomba. Nampa. Anaondoka. Mwaka unaofuata, kiwiko. Nikamwambia mke wangu, huyu mtu jiko lake lina kona ngapi? Moshi wake unakwenda Makka?"

Nebahat alijikuta anacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, vyote pamoja.

"Viko stoo," alisema. "Vyote, vimepangwa kama sahani. Havijawahi kuona moto. Nilimuuliza mara moja, baba, hivi ni vya nini? Akasema, nilikwenda kutafuta kitu kingine, nikarudi na hiki."

Hamdi aliinamia bati lake, akalipangusa kwa kiganja ingawa halikuwa na kitu.

"Kiwiko si neno," alisema mwishowe. "Neno ni fupi kuliko kiwiko. Nisamehe, Hamdi, nilikosea. Basi. Ningesikia. Mimi nilimshika baba yangu kwenye barafu, binti, kifuniko kikinigonga hapa." Aligusa shavu. "Na ile kufuli ilikuwa kwa ajili ya bonge la plasta."

"Alijua. Lile bonge aliliweka dirishani mpaka leo."

"Liacheni hapo hapo." Akachukua nyundo. "Unataka halali? Haya. Mpelekeni Msikiti wa Juu. Lile jiwe lake alilomnyima baba yangu, naye alikose. Apandishwe mlima ule ule. Hapo nitasema, tena kwa sauti." Akagonga bati kwa nguvu, kama mtu aliyemaliza mazungumzo. "Nenda, mwanangu, nyumba yako imejaa watu."

Alisema kwa kukomoa. Hakuna mtu angepeleka jeneza la mwadhini mbali na jiwe lililo chini ya mnara wake mwenyewe. Nebahat alirudi polepole. Alipita langoni pa msikiti, akaliona jiwe uani, refu, jeupe, limelainika katikati kwa majeneza ya watu waliotangazwa na baba yake. Baba mwenyewe alikuwa akilipiga deki kila baada ya mazishi, na mara nyingi alisema kwa utani, "Nalitandika, siku moja nitalala hapa." Nebahat alisimama hapo mpaka adhana ya alasiri. Akawaza kwamba jiwe ni jiwe, na Mola hasikii swala ya jeneza vizuri zaidi chini kuliko juu. Lakini haki ya mja imebaki kwa mja. Mungu mwenyewe haisamehi mpaka mwenyewe asamehe.

Akamngojea imamu Bekir amalize swala.

"Imamu, utangaze tena," alimwambia. "Ataswaliwa Msikiti wa Juu."

Bekir alimtazama kama mtu aliyeambiwa kibla kimehama. "Dada, msikiti wake ni huu. Lango liko wazi. Kwa nini?"

"Kwa sababu mzee Lutfi aliswaliwa juu."

Bekir hakuwa mzaliwa wa pale, lakini kisa alikisikia. Hakuuliza tena. Alipanda, akasoma salawati mara ya pili, akataja Msikiti wa Juu. Mtaani watu walitoka milangoni wakatazamana. Nyuma ya soko, wenye maduka ya jirani walisema baadaye, nyundo ya Hamdi ilikaa kimya mpaka jioni.

*

Sabri alifika asubuhi kutoka Ankara, anakoendesha basi. Alilia kwenye jeneza la baba yake, akanawa uso, kisha akamgeukia dada yake.

"Nimeambiwa njiani nikadhani wananitania. Umeingiwa na nini? Mtu ameutumikia msikiti maisha yake yote, siku ya mwisho unamfukuza?"

"Simfukuzi. Namlipia."

"Kwa Hamdi? Fundi mabomba akuamulie wewe mazishi ya baba?"

"Baba alimwamulia mazishi ya baba yake."

"Alifunga kwa kuogopa watu wasife!"

"Ni kweli," alisema Nebahat. "Na Mungu atamlipa nia yake. Lakini alikosea, Sabri, na alijua kuwa alikosea, akashindwa kutamka. Mtu mwenye koo lile. Nenda stoo ukahesabu viwiko, halafu urudi unigombeze."

Sabri alikwenda stoo. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na vumbi magotini, akauliza tu nani atashika mguu wa mbele wa jeneza.

Walipolitoa jeneza nje, limefunikwa kitambaa cha kijani, Hamdi alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, amevaa koti lake la Idi. Hakumsalimia mtu. Alivuka, akamgusa begani kijana aliyeshika mbele kulia, kijana akampisha, akaweka bega lake. Jeneza likaondoka.

Kule mtu habebi muda mrefu, watu wanapokezana ili kila mtu apate thawabu. Hamdi hakupokezana. Walipopita lango la Msikiti wa Mshona Matandiko, baadhi yao walipunguza mwendo wakidhani labda watasimama. Nebahat, aliyekuwa nyuma na wanawake, alisema, "Endeleeni," na wakaendelea. Njia ya mlimani ilikuwa kavu, majani machache tu. Mbele ya duka la nyama Hamdi alishika ubao kwa mikono miwili, ingawa hapakuwa na kitu cha kutelezea.

Msikiti wa Juu una ua mpana wa zege na jiwe jipya lililokatwa kwa mashine. Wakamlaza hapo. Baada ya adhuhuri watu walipanga safu, wanawake nyuma kabisa karibu na ukuta. Imamu wa pale akawageukia.

"Mlimjuaje marehemu?"

"Tulimjua mwema."

"Je, mnamhalalishia haki zenu?"

Kwa kawaida watu hujibu wote kwa pamoja, papo hapo. Siku ile hawakujibu. Walimngoja mtu mmoja. Hata waliotoka vijiji vingine, wasiojua kisa, walinyamaza kwa kuona wenzao wamenyamaza.

"Nimemhalalishia," alisema Hamdi. Alikohoa, akasema tena, kwa nguvu kama alivyoahidi. "Mimi Hamdi mwana wa Lutfi nimemhalalishia. Na baba yangu amhalalishie."

Ndipo watu wakaitikia, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Imamu akapiga takbira.

Makaburini wanaume walimshusha katika sanda yake, Sabri akiwa shimoni, wakamlaza ubavu wa kulia, wakapanga mbao kwa mshazari. Kwao beleshi halipitishwi mkono kwa mkono. Aliyemaliza huliweka chini, na anayefuata huliokota mwenyewe. Sabri alitia udongo, akaliweka. Hamdi akaliokota, akatia udongo kwa muda mrefu, akaliweka. Mwingine akaliokota. Kaburi lilipojaa, mtu alilimwagia maji kutoka kwenye ndoo, kuanzia kichwani kwenda miguuni. Yasini ikasomwa. Watu wakampa mkono Sabri, kisha Nebahat, wakateremka kwenda kula halua.

Imamu Bekir alibaki peke yake upande wa kichwani, akachutama, akamwita Zekeriya kwa jina lake na la mama yake, akaanza kumsomea talakini, akimkumbusha majibu ya maswali ya kaburini.